Kiingereza nakijua, paragrafu ndizo zinaniangusha

Anti shikamoo,

Mimi ni nesi, nina miaka 32, niko wadi ya watoto kwenye hospitali moja ya serikali huku Pwani ya Kenya, jina lake tuliache. Nimeolewa, watoto wawili, mume wangu ni wa kibarua bandarini, siku kuna meli siku hakuna. Nimekuwa nikikusoma kimya kimya muda mrefu, leo nimeona niandike manake hili jambo limenikaa rohoni na kila ninayemwambia ananijibu kwa mkato, ati "rudia mtihani", ama "achana na mambo ya Ulaya", hakuna anayenisikiliza mpaka mwisho.

Iko hivi. Nataka kwenda Uingereza kufanya kazi. Binamu yangu wa kike yuko Leeds, ni nesi vilevile, na ndiye aliyenitia hamu. Sasa ili baraza lao la wauguzi, NMC, likusajili ni lazima uonyeshe kuwa Kiingereza unakiweza, na mimi nikachagua IELTS, mtihani wa Kiingereza. Kusikiliza, kusoma na kuongea wanataka 7. Kuandika wamelegeza kidogo, wanataka 6.5. Mimi kusikiliza nimepata 7.5, kusoma 7, kuongea 7.5. Kuandika Anti, 6. Na kabla ya hapo 5.5. Yaani nusu pointi ndiyo inanirudisha nyumbani na begi langu.

Ada nilikopeshwa na chama chetu cha mtaani. Sasa mweka hazina tukikutana dukani ananisalimia vizuri tu lakini macho yanadai.

Nilitafuta mwalimu wa tuisheni, anafundisha usiku kwa WhatsApp, unamlipa kwa M-Pesa. Alitupa insha zilizoandikwa tayari, anaziita tempuleti, wewe kazi yako ni kuzikariri halafu unachomeka maneno ya swali mle ndani. Akasema kila sentensi ianze na kiunganishi, "Moreover", "Furthermore", "In addition", na tusitumie neno jepesi kama kuna zito. Nikakariri mpaka mume wangu akawa ananisikia nikitaja usingizini. Nilipompelekea matokeo akanijibu kwa sauti, "nyinyi Waswahili shida yenu mnazunguka sana, mtu anaanza na salamu, anaingia hadithi, Mzungu anataka mshale". Hilo liliniuma kuliko ile 6.

Nikamtumia binamu paragrafu moja aisome. Akanipigia, akasema, "mwenzangu, sentensi zako zote ziko sawa, sioni kosa la grama, lakini nimemaliza kusoma na sijui ulikuwa unataka kusema nini." Sasa hapo ndipo nilipochoka. Kama grama iko sawa na maneno yako sawa, kimebaki nini? Binti yangu yuko gredi ya sita, aliniona naandika akaniuliza, "mama, mpango wako uko wapi?", ati mwalimu wao hasomi insha kama mpango hujauandika pembeni. Nikamwambia mimi nina dakika arobaini tu, nikipoteza muda kupanga ntaandika saa ngapi.

Nimesoma Kiingereza tangu darasa la kwanza. Uuguzi nimefundishwa kwa Kiingereza. Mafaili ya wagonjwa nayaandika kwa Kiingereza kila shifti. Nikae chini leo nifundishwe paragrafu kama mtoto?

Mume wangu anataka nichukue kazi ya Saudia, kuna wakala ameleta mkataba wa miaka miwili, hospitali ya watu binafsi, hakuna IELTS. Mamangu yuko Malindi, yeye anasema nitulie, kazi ya kaunti ni ya kudumu, wangapi wanaitafuta. Halafu kuna mwenzangu wa wadini amenipa namba ya kijana anayesema ana njia, unampa pesa, mtihani unafanyiwa, cheti kinakuja safi. Sijampigia. Lakini namba sijaifuta.

Nakuambatishia ile paragrafu. Swali lilikuwa kama unakubali kwamba serikali itumie pesa zaidi kuzuia magonjwa kuliko kutibu. Nisaidie kufikiri, usinihukumu.

Nesi wa Pwani

—

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mchana, nikairudia usiku, na paragrafu yako nimeichapisha kwenye karatasi nikaichora kwa kalamu. Kabla sijaifikia niseme nilivyokuelewa, unikosoe kama nimekosea.

Naona mambo matatu yamefungwa kwenye kifurushi kimoja. Kuna mtihani, ambao una sheria zake na unaweza kufundishika. Kuna nyumba, yaani mume, mama, deni la chama, Saudia, Leeds. Na kuna hili la tatu ambalo umelipitia haraka lakini ndilo ninaloliona zito, kwamba umeanza kujiuliza kama akili yako inafaa. Yakikaa pamoja hivi, kila ukishika kalamu kuandika mambo ya chanjo unakuwa unaandika pia deni, ndoa na heshima yako. Nani angeandika vizuri hapo?

Tuanze na hilo la "nyinyi Waswahili mnazunguka". Mwalimu wako hakulitunga yeye. Mwaka 1966 Mmarekani mmoja, Robert Kaplan, alikuwa akisoma insha za wanafunzi wa kigeni, akachora vijichoro kuonyesha kila jamii inavyofikiri, Kiingereza akakipa mstari ulionyooka, wengine akawapa mizunguko na zigizaga. Vichoro vile vikapendwa sana na walimu dunia nzima, na vikapingwa sana vilevile, na yeye mwenyewe baadaye akalegeza aliyosema. Manake ukisoma insha ya mtu anayehangaika na lugha ya pili utaona mahangaiko, huwezi kuona akili ya kabila lake. Halafu wewe ni mtu wa Pwani. Tarbia ina mishororo minne, mizani kumi na sita kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho, na ubeti ukibeba mambo matatu wazee wanakurudishia. Hatuna mpangilio sisi? Mwalimu wako aliambiwa na mtu, naye akakwambia wewe. Liache hapo hapo.

La pili, kwamba Kiingereza chako ni kibovu. Matokeo yako yenyewe yanakataa, mtu haongei 7.5 kwa Kiingereza kibovu. Utakumbuka 2021, Kenya na Uingereza zilipotia saini ule mkataba wa manesi, aliyekuwa waziri wa afya Mutahi Kagwe akasema hadharani kwamba katika watu kama 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza waliofaulu ni 10 tu. Watu wakacheka mitandaoni, ati manesi wetu hawajui Kiingereza. Mimi sikucheka. Wale ni watu wanaoandika mafaili kwa Kiingereza kila siku kama wewe. Mtihani huu unapima Kiingereza, ndio, lakini kwenye kuandika unapima na kitu kingine, na hicho kitu shuleni wengi wetu tuliambiwa tu "andika insha" bila mtu kukaa nasi kutuonyesha inavyojengwa.

Mtahini wa insha anaangalia mambo manne, kila moja lina robo ya alama. Umejibu swali? Mawazo yanafuatana na kushikana? Msamiati? Grama? Vigezo vyenyewe viko wazi kwenye intaneti, yeyote anaweza kuvisoma, na ukisoma hicho cha pili kwenye daraja la 6 utajiona. Kinasema paragrafu zipo lakini mpangilio wake mara nyingine hauna mantiki, na viunganishi vinaweza kuwa vya kimashine. Kwenye 7 mawazo yamepangwa na yanasonga mbele. Karatasi ya matokeo haikwambii ulipoteza wapi kati ya hayo manne, inakupa namba moja tu, kwa hiyo siwezi kuapa. Lakini binamu yako alikwambia lile lile bila kusoma vigezo vyovyote.

Sasa paragrafu yako. Ina sentensi saba. Ya kwanza inasema kinga ni muhimu sana duniani leo. Ya pili, Moreover, chanjo zinasaidia watoto. Ya tatu, Furthermore, wagonjwa wa figo wanasafiri mbali kufuata dialisisi. Ya nne, In addition, watu siku hizi wanakula sana vyakula vya mafuta. Ya tano, However, hospitali bado zinahitajika. Ya sita ni mfano wa malaria. Ya saba, Therefore, serikali iwekeze kwenye kinga. Mwanangu, kila moja ya hizi sentensi ni mlango wa paragrafu nyingine! Chanjo ni moja, dialisisi ni nyingine, vyakula ni nyingine kabisa, na hiyo ya hospitali bado zinahitajika ni ya upande wa pili wa hoja, imepotea njia ikaingia humu. Umefungua milango saba hukuingia hata chumba kimoja. Na vile viunganishi ndivyo vilivyokudanganya, manake Furthermore inamwahidi msomaji kwamba unaongeza juu ya ulichosema, kumbe umehamia figo.

Nikawaza, huyu mtu asubuhi anapokabidhi wadi anasemaje? Hebu jisikilize. Kitanda cha nne, mtoto wa miezi kumi na nne, aliingia juzi na nimonia baada ya surua, yuko kwenye oksijeni, usiku joto lilipanda akapewa dawa likashuka, kipimo cha damu bado hakijarudi, mfuatilie kupumua. Basi, unahamia kitanda cha tano. Huwezi katikati ya kitanda cha nne kuingiza habari za mtoto wa kitanda cha saba, mwenzako atakukatiza. Unaanza na nani, unaeleza hali, unatoa ushahidi, unasema kinachofuata. Kila kitanda zamu yake. Hiyo ndiyo paragrafu, na wewe unaitunga kwa mdomo alfajiri ukiwa umekesha, bila tempuleti ya mtu.

Tofauti ni moja. Wadini, mgonjwa yupo mbele yako, hutafuti cha kusema. Kwenye mtihani mgonjwa hayupo, lazima umtengeneze kwanza ndipo umuelezee, na kumtengeneza ndiko kupanga. Binti yako yuko sahihi, na sisemi hivyo kukutania.

Tuijaribu hiyo surua. Chukua kipande cha karatasi, andika kwa Kiswahili kama unataka, maneno mafupi tu. Hoja: kuzuia surua ni rahisi kuliko kuitibu. Kwa nini: chanjo ni dozi mbili, miezi 9 na miezi 18, basi, mtoto akiugua akapata nimonia ni kitanda, oksijeni, antibiotiki, na mama haendi kazini. Mfano: wadi yako, na mtihani wenyewe unakuruhusu utumie uliyoyaona, uko kwenye maelezo ya swali. Kwa hiyo: kila shilingi ya chanjo inaacha kitanda kwa mgonjwa ambaye hakuwa na kinga ya kukingwa nayo. Dakika mbili hizo, labda tatu. Sasa ukishika Kiingereza sentensi ya kwanza inakuja yenyewe, kitu kama "Preventing measles costs a county far less than treating it." Hakuna neno zito hata moja pale, na msomaji anajua anakokwenda. Zinazofuata zote zinamtumikia huyo mmoja, na dialisisi ikibisha hodi mwambie asubiri paragrafu ya pili. Kiunganishi utakiweka pale tu maana inapokidai, na mara nyingi neno kama "this" au "such a child" linashona sentensi mbili vizuri kuliko Furthermore tatu.

Kwenye dakika zako arobaini mimi ningetoa saba au nane za kupanga insha nzima, yaani msimamo wako, hoja mbili, mfano wa kila hoja. Najua inaogopesha kuona wenzako wameshaanza kuandika wewe bado unachorachora. Lakini maneno yanayotakiwa ni 250, paragrafu nne zinatosha, mbili za katikati ndizo zenye kazi. Mtu aliyepanga anaziandika upesi kwa sababu hasimami katikati kujiuliza sasa nini. Na usisahau hii insha ina uzito mara mbili ya lile swali la grafu la mwanzo, kwa hiyo dakika ishirini za grafu zisiibe za insha.

Tahadhari kuhusu kupanga kwa Kiswahili. Kunasaidia kwa sababu kichwa hakibebi mizigo miwili pamoja. Ila ukiandika sentensi kamili za Kiswahili halafu uzihamishe moja moja utapata Kiingereza kilichovaa kanzu ya kuazima, inakibana huku inapwaya kule. Nukta fupi tu, halafu sentensi zizaliwe kwa Kiingereza.

Walimu wengi watakwambia pia kila paragrafu lazima ianze na sentensi kuu. Nusu nakubaliana nao. Kuna Mmarekani, Richard Braddock, 1974 alichambua makala za waandishi wa kulipwa akakuta paragrafu za maelezo zinazoanza na sentensi kuu ni kama asilimia 13 tu. Kwa hiyo ukisoma gazeti usione hivyo, usidhani umekosea kusoma. Waandishi wazoefu wana njia nyingi. Lakini mtahini ana rundo mbele yake na hakujui, mrahisishie, weka hoja juu. Ni chaguo la mahali na wakati, sio amri ya Mungu.

Zoezi ambalo ningependa ulijaribu kabla hujalipa ada tena: chukua tahariri ya gazeti la Kiingereza, pembeni ya kila paragrafu andika kwa maneno matano ya Kiswahili inafanya kazi gani. Halafu fanya hivyo kwa zako. Pale utakaposhindwa kuandika maneno matano, ndipo penye ugonjwa. Kama una mwenzako wadini anayejiandaa naye, badilishaneni, asikusahihishie grama, akwambie tu alielewa nini. Hata hizi programu za akili bandia kwenye simu unaweza kuzitumia hivyo, iulize "paragrafu hii inasema nini?" ukaone kama inajibu ulichokusudia. Ukiiambia ikuandikie itakuandikia vizuri sana, na siku ya mtihani haitakuwepo.

Na zile tempuleti? Najua umezilipia na umezikariri kwa jasho, inauma kuziacha. Watahini wamefundishwa kuzitambua insha za kukariri, wanaziona nyingi. Labda baki na yule mwalimu lakini umwombe kitu kingine, akusomee ulichopanga wewe. Akikataa utakuwa umejua unalipia nini.

Haya, njia zako. Kurudia IELTS ni moja, na hapa kuna jambo sijui kama binamu amekwambia. Tangu 2023 NMC wanakubali uunganishe matokeo ya mitihani miwili iliyofanyika ndani ya miezi 12, mradi hakuna mtihani ulioshuka chini ya 6.5 kwenye kusoma, kusikiliza na kuongea, wala chini ya 6 kwenye kuandika. Ile 6 yako kwa hiyo sio takataka, inaweza kubeba nusu ya mzigo. Lakini saa inatembea, na sheria hizi hubadilika, hakikisha kwenye tovuti yao mwenyewe usitegemee mimi wala magrupu ya WhatsApp. Hatari yake ni kwenda haraka kwa sababu ya saa, urudi na paragrafu zile zile.

Nyingine ni OET, mtihani wa Kiingereza wa watu wa afya, NMC wanaupokea pia. Kule nesi haandiki insha ya serikali na magonjwa, anapewa maelezo ya mgonjwa na anaandika barua ya rufaa au ya kumruhusu, maneno kama 180 mpaka 200. Ukiiona utasema hii ni kazi yangu ya kila siku, na ni kweli, ingawa mtego wake uko hapo hapo, wanakupa maelezo mengi kuliko yanayohitajika ili waone kama unajua cha kuacha. Kuchagua tena. Ada yake ni kubwa kuliko IELTS, na chama bado kinakudai, kwa hiyo hilo ni la kukaa na mume mlipigie hesabu.

Saudia sitaisema vibaya. Wapo manesi wetu waliofanya kazi Ghuba wakajenga na kusomesha. Sio kweli lakini kwamba hakuna mtihani, kuna uhakiki wa vyeti, DataFlow wanauita, na kuna mtihani wa leseni. Soma mkataba wote, nani anashika pasipoti, likizo ni lini, ukitaka kuvunja inakuwaje, wakala amesajiliwa wapi. Ninachokuuliza ni hiki, ukienda utakuwa umeichagua Saudia au umeikimbia ile 6? Vyote viwili vinaweza kukuletea pesa, lakini usiku wa wadini kule utakuwa tofauti.

Kubaki nako ni njia, mamako wa Malindi hajakosea. Uliza kaunti kama likizo bila malipo ipo na masharti yake, huenda huna haja ya kuchagua kati ya kazi ya kudumu na safari kama ulivyoambiwa. Na jiulize, kama ungepata 6.5 ile siku ya kwanza, ungeondoka kwa furaha? Mume angekuja lini? Watoto wangebaki na nani? Kwenye barua yako yote sikuona mstari mmoja unaosema wewe mwenyewe unataka nini kule Leeds, zaidi ya kwamba binamu yuko. Labda unajua na hukuandika. Labda nusu pointi imekusaidia kutoliangalia.

Yule kijana mwenye njia. Uliniomba nisikuhukumu na sikuhukumu, ungekuwa umeamua ungekuwa umeshapiga simu. Nikwambie tu kinachotokea. Cheti cha IELTS kinahakikiwa na anayekipokea moja kwa moja kwenye mfumo wao, sio kwa kukiangalia mhuri. Na NMC mwaka 2023 walitangaza kwamba matokeo ya kituo kimoja cha mtihani wao wa uuguzi wa kompyuta kule Ibadan, Nigeria, yana dalili za udanganyifu, mamia ya manesi wakaingia kwenye uchunguzi, hata waliokuwa wamefanya kwa haki wakalazimika kurudia. Mtu tayari ana kazi, ana nyumba, anaitwa ajieleze. Kisha fikiria na wadini kule, barua ya rufaa ya kwanza ya kweli, mgonjwa wa kweli, na kijana yuko Mombasa.

Namba yake kuifuta au kutoifuta ni yako.

Mume wako ningependa umsomee barua yako ile uliyoniandikia mimi, kabla hamjazungumza habari ya wakala. Ameona matokeo, sidhani ameona hayo mengine.

Na jambo la mwisho ni la haraka. IELTS wanaruhusu uombe insha yako isahihishwe upya na mtahini mwingine, unalipia, alama ikipanda pesa yako inarudi. Kwa mtu aliyekosa nusu pointi sio kichekesho, ingawa wengi hubaki pale pale na ada ikaenda. Muda wake ni wiki sita tangu siku ya mtihani, nawe hukuniambia ulifanya lini. Angalia tarehe kwenye karatasi yako leo kabla hujaingia shifti, na ile paragrafu ya surua ukishaiandika nitumie.